Kasoro Zinazovumilika: Utangulizi wa Kupima Tangi la Wino la Pembeni

Huenda una printa ya wino katika steshenari yako, katriji zake zinakula faida yote, na fundi amekushauri akufungie matangi ya wino pembeni kwa bei ndogo. Umesikia pia kwamba matangi hayo huvuja, huingiza hewa na hupotosha rangi. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo kuna watu wanaoyatumia miaka kwa miaka bila kujuta, na nia yangu hapa ni kukuonyesha wanaamuaje. Mengi yamo katika maswali mawili: kifaa hiki kinatakiwa kufanya kazi gani, na siku kikiharibika kitaharibu nini kingine? Swali la pili husahauliwa sana, nami nalipa uzito zaidi.

Tuanze na printa yenyewe. Printa ya wino huandika kwa kurusha matone madogo mno kwenye karatasi. Sehemu inayoyarusha huitwa kichwa cha kuchapia, nayo ina matundu mengi yaliyo membamba kuliko unywele. Kuna njia kuu mbili za kulisukuma tone. Ya kwanza ni ya joto: wino hupashwa ghafla, kiputo cha mvuke kinafumka, tone linaruka. Wahandisi wa Canon waliigundua mwaka 1977, pale chuma cha kulehemu chenye moto kilipogusa sindano iliyojaa wino, na wino ukachupa. Ya pili ni ya pizoelektriki, yaani hutumia kipande cha kauri kinachojikunja kikipitishiwa umeme na hivyo kuusukuma wino. Epson ndiyo iliyoifanya maarufu. Usiiruke tofauti hii ukidhani ni ya wahandisi tu. Baadaye itabadilisha hukumu yako.

Jambo la pili la msingi ni kwa nini wino haudondoki wenyewe. Matundu yako chini, wino uko juu, kwa hiyo ungetarajia umwagike. Katriji huuzuia kwa shinikizo hasi, maana yake mvuto mdogo unaourudisha wino ndani. Ukichovya mrija kwenye soda, ukaziba ncha ya juu kwa kidole na kuuinua, soda haimwagiki. Hali ya wino ndani ya katriji inafanana na hiyo. Katika katriji nyingi sifongo ndiyo inayofanya kazi ya kidole.

Sasa unaweza kulielewa tangi la pembeni. Ni chupa zinazokaa nje ya printa, kila rangi na yake, zikiunganishwa kwa mirija laini na katriji maalumu zilizo ndani. Kichwa kikitumia wino, mwingine hufuata. Hapo urefu wa meza unaanza kuwa na maana. Ukiinua tangi sentimita 10 kupita kiwango chake, unaongeza shinikizo la takriban kilopaskali 1, yaani asilimia moja hivi ya shinikizo la hewa inayotuzunguka. Ni kidogo, lakini kinachozuia wino usidondoke nacho ni kidogo vilevile. Tangi likiwa juu mno, wino unavuja. Likiwa chini mno, kichwa kinakosa wino. Malalamiko mengi ninayoyasikia kuhusu matangi haya ni ya mahali yalipowekwa, na dawa yake ni kuyashusha yakae meza moja na printa, kama maelezo yake yanavyotaka.

Kasoro nyingine zina tabia tofauti, na kuzitofautisha ndiyo elimu yenyewe. Rangi ikielekea wekundu kidogo katika kila ukurasa, hiyo ni kasoro thabiti: inajirudia vilevile, hivyo unaweza kuirekebisha kwenye kompyuta. Kwa mitihani ya majaribio ya shule haina madhara yoyote. Kwa picha za pasipoti itakufukuzia wateja. Hewa ndani ya mirija ni kasoro ya kubahatisha: leo mistari mizima, kesho imekatika. Hii ni mbaya zaidi, kwa sababu huwezi kuifidia usipojua itakuja lini.

Halafu kuna kasoro inayogusa printa yenyewe, na hapa turudi kwenye vichwa viwili. Katika kichwa cha joto, wino ndio unaokipoza. Ukikatika huku kinaendelea kufanya kazi, kinaweza kuungua. Lakini katika printa nyingi za aina hiyo kichwa kimo ndani ya katriji, basi unapoteza katriji tu. Kichwa cha pizoelektriki hakiungui hivyo, ila kwa kawaida kimefungwa ndani ya printa, na kukibadilisha kunaweza kukaribia bei ya printa nzima. Tangi ni lilelile, kasoro ni ileile, hasara ni mbili tofauti.

Kuhusu bei, jihadhari na onyesho la ukurasa mmoja. Kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 24711, kinachopima katriji moja ya wino hutoa kurasa ngapi, hudai angalau printa tatu na katriji tatu kwa kila printa, kwa sababu vifaa vya aina moja havifanani kabisa. Wewe huna maabara, lakini hesabu unayo. Tuseme printa yako ina thamani ya shilingi 300,000, na tangi linakuokolea shilingi 60 kwa ukurasa. Kurasa 5,000 zitakuwa zimelipa printa hata ikifa. Ukichapa 50 kwa siku, ni siku 100 za kazi. Ukichapa 50 kwa mwezi, ni zaidi ya miaka minane, na kwa kazi ndogo hivyo wino utakaukia matunduni kabla. Mimi ningemshauri mtu huyo abaki na katriji zake.

Ukiwa unanunua printa mpya, mambo yamebadilika. Mwaka 2010 Epson ilianza kuuza nchini Indonesia printa zenye matangi kutoka kiwandani, katika soko ambalo mafundi walikuwa wakifunga matangi yao wenyewe. Kwa hiyo tangi la fundi leo linamfaa hasa mwenye printa ya zamani iliyo nzima.

Kabla ya kulipa yote, omba muda wa kujaribu. Chapa ukurasa wa kukagua matundu, ule wenye mistari myembamba ya kila rangi, Ijumaa jioni. Zima printa kwa kitufe chake; ukichomoa waya ukutani, au umeme ukikatika ghafla, kichwa huenda kisirudi kwenye kifuniko chake na kikakauka, nawe utalilaumu tangi bure. Angalia kama kuna wino chini ya mirija. Jumatatu chapa ukurasa uleule kabla ya kusafisha kichwa, na mistari ikitoka mizima, mlipe fundi salio lake.