Je, Wajua? Kumng'oa Paka Kucha ni Kumkata Vidole

Ukucha wa paka huota kwenye mfupa wa mwisho wa kidole. Ili usiote tena, daktari wa mifugo humlaza paka kwa dawa ya usingizi, kisha hukata pingili hiyo nzima kwa kisu, mkasi maalumu au mwale wa leza. Kwa kawaida hukatwa vidole vyote 10 vya miguu ya mbele.

Nchini Marekani, wenye paka hufanya hivyo zaidi ili kuokoa makochi na mapazia. Gharama hufikia mamia ya dola, na leza huongeza bei. Paka naye hubaki na mzigo wake: huweza kupata maumivu ya kudumu, kuchechemea, kukwepa sanduku lake la mchanga kwa sababu kufukua kunamuuma, au kuzoea kung'ata kwa kuwa hana tena kucha za kujihami.

Uingereza na nchi nyingi za Ulaya zimepiga marufuku upasuaji huu, isipokuwa kwa sababu za tiba. Marekani, mji wa West Hollywood ulitangulia mwaka 2003. New York ikawa jimbo la kwanza mwaka 2019, ikiweka faini ya hadi dola 1,000.

Njia mbadala ni nafuu: kupunguza ncha za kucha kila baada ya wiki chache, na kumwekea paka nguzo imara iliyozungushiwa kamba ya katani, yenye urefu wa kumtosha kujinyoosha anapokwaruza.