Ua la Mwadui: Jina na Ishara ya Pambo la Almasi

Mwaka 1947 almasi ya rangi ya waridi, yenye karati 54.5, ilipatikana Mwadui, Shinyanga. John Williamson, mwenye mgodi, alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya harusi yake. Baada ya kuchongwa ilibaki karati 23.6; mwaka 1953 kampuni ya Cartier ikaifanya kiini cha bruchi, yaani pini ya pambo, yenye umbo la ua la narjisi na petali za almasi nyeupe.

Huko Ulaya, narjisi huashiria mwanzo mpya. Hata hivyo, pambo hilo hujulikana kwa jina la Williamson: jina limemhifadhi mmiliki, likaiacha ardhi. Inapendekezwa kwamba makumbusho na vitabu vya kiada vya Kiswahili viliite “Ua la Mwadui”, ili istilahi itaje asili ya jiwe lenyewe.