Wakutubi wafunzwe kuwahudumia wasioona

Kwa miaka mingi Likoni imekuwa na shule yake ya wasioona. Baadhi ya wanaohitimu shule za aina hiyo hufika vyuo vikuu, na huko ndiko wanakokumbana na kizuizi ambacho wenye macho hawakioni: kitabu kilichomo katika tarakilishi ya maktaba, kilicho wazi kwa kila mwanafunzi isipokuwa wao.

Chanzo chake ni chepesi kueleza. Mkutubi huombwa sura ya kitabu, akaipiga picha kwa skana na kuihifadhi. Kwa anayeona, hizo ni kurasa. Kwa programu inayosoma skrini kwa sauti, hiyo ni picha isiyo na herufi hata moja. Mwanafunzi huifungua asisikie kitu. Lau faili ingepitishwa katika programu ya kutambua herufi, na makosa yake yakasahihishwa, ingesomeka. Kazi hiyo yahitaji mtu aliyefunzwa, basi.

Nikiwa mwanaisimu, linaloniudhi zaidi ni lugha. Waraka wa Kiswahili usipotambulishwa kuwa ni wa Kiswahili, tarakilishi huweza kuusoma kwa sauti ya Kiingereza. Hapo "wake", "pole" na "mate" hugeuka maneno mengine kabisa, yenye lafudhi ya London. Mwanafunzi wa fasihi atahakiki nini kwa sauti hiyo? Na tenzi je, ambazo vina na mizani ndio uti wa mgongo wake? Kutambulisha lugha ni kazi ya dakika moja. Semina ya wakutubi wa Pwani isiyoligusa jambo hili, kwangu mimi, ni nusu semina.

Najua jibu litakalotolewa: fedha hakuna. Lakini NVDA, programu iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, hutolewa bure, na sauti ya Kiswahili imo, ijapokuwa kavu kidogo. Wala sheria haizuii. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, huruhusu taasisi zinazotambuliwa kuwatengenezea wasioona nakala bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki, na kuzibadilishana na nchi wanachama. Tanzania na Uganda nazo zimo. Riwaya iliyokwisha kuandaliwa Dar es Salaam haina haja ya kuandaliwa upya Mombasa.

Linalobaki ni vyuo kuwapa wakutubi wao muda. Siku moja ya chai na vyeti haitoshi. Wazime skrini, wazisikilize faili walizoziandaa wenyewe, kisha wazirekebishe; na mmoja wa wakufunzi awe mwanafunzi asiyeona, alipwe sawa na wenzake. Wahadhiri nao wasijitoe. Wapo wanaowapelekea wakutubi picha za simu za kurasa zilizopinda, kidole gumba kikiwa juu ya mstari wa mwisho. Hizo hakuna programu itakayoziokoa.