Hatifungani kwa lugha nyepesi (5): Wapigakura wanapokopa kujenga madarasa

Tangu hatifungani ya kijani ya Mamlaka ya Maji Tanga iorodheshwe Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2024, wasomaji wa safu hii wananiuliza swali lilelile: kama maji yamekopewa, kwa nini madarasa yasikopewe? Nilipanga kulijibu baada ya kumaliza hatifungani za serikali kuu, lakini uchaguzi wa Marekani umenifanya nilivute mbele. Tarehe 5 Novemba 2024, siku ya kumchagua rais, wakazi wa Los Angeles walikuta swali jingine chini zaidi kwenye karatasi ya kura: je, wilaya yao ya shule ikope dola bilioni 9 ili ikarabati na kujenga majengo? Wakasema ndiyo. Siku hiyohiyo jimbo zima la California likaidhinisha hatifungani ya dola bilioni 10, kati yake bilioni 8.5 za shule na bilioni 1.5 za vyuo vya jamii.

Riba, kuponi na siku ya kuiva tulishazieleza, sirudii. Leo inatosha kujua kwamba wilaya ya shule kule si wilaya kama Korogwe au Rungwe. Ni mamlaka inayojitegemea, yenye bodi iliyochaguliwa na wananchi, inayomiliki majengo yake. Ikiuza hatifungani, deni hulipwa kwa kodi ya ardhi na majengo inayoongezwa kwa ajili ya deni hilo tu. Mwenye nyumba anayepiga kura ya ndiyo anajua bili yake mwenyewe itapanda.

Nimelifuatilia jambo hili la California kwa miaka mingi, na ninalipenda kwa sababu moja: kule nidhamu ya ujenzi ilitangulia deni. Ili lieleweke, lazima turudi mwaka 1933.

Ijumaa tarehe 10 Machi mwaka huo, saa 11:54 jioni, tetemeko la kipimo cha 6.4 liliipiga Long Beach na miji jirani. Watu wapatao 120 walikufa. Wanafunzi walikuwa wameshaondoka madarasani saa chache kabla, na huo ndio muujiza wa siku ile, kwa maana shule 70 zilibomoka na nyingine 120 ziliharibika vibaya. Picha za shule ya Jefferson zinaonyesha ukuta wa mbele umemwagika chini wote. Katika shule nyingi vifusi vilirundikana palepale ambapo watoto wangekimbilia, yaani milangoni na kwenye ngazi za kuingilia. Kwa miezi kadhaa baadaye watoto wa Long Beach walisomea kwenye mahema.

Kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Robert Millikan, mwanafizikia mwenye Tuzo ya Nobel, ilichunguza kilichotokea. Kosa halikuwa la ardhi peke yake. Kuta zilikuwa za matofali yasiyo na nondo, udongo wa kuungia ulikuwa dhaifu, na mapambo mazito ya juu hayakufungwa vizuri na jengo. Majengo yaliyojivunia uso mzuri ndiyo yaliyomwaga matofali barabarani.

Bunge la jimbo halikusubiri. Tarehe 10 Aprili 1933, mwezi mmoja kamili baada ya tetemeko, Sheria ya Field ilipita, ikibeba jina la mbunge Don Field. Naomba msomaji aisome polepole, kwa sababu kila kipengele chake kinatuhusu. Ramani ya shule ya umma lazima ichorwe na msanifu au mhandisi aliyesajiliwa. Ramani hiyo ikaguliwe na wahandisi wa jimbo kabla ya tofali la kwanza. Mkaguzi awepo eneo la ujenzi muda wote wa kazi, akilipwa na wilaya ya shule na siyo na mkandarasi. Mwishoni msanifu, mhandisi, mkaguzi na mkandarasi, kila mmoja atie saini kwa kiapo kwamba kilichojengwa ndicho kilichochorwa. Anayedanganya ametenda kosa la jinai.

Mwaka 1952 matetemeko ya Kaunti ya Kern yaliijaribu sheria hii. Shule za zamani ziliumia vibaya, zilizojengwa chini ya Sheria ya Field zikasimama. Mwaka 1994 tetemeko la Northridge liliangusha madaraja na majengo ya ghorofa, lakini hakuna shule ya sheria hii iliyoporomoka. Kwa zaidi ya miaka 90 rekodi hiyo haijavunjwa. Na sheria yenyewe haikuleta hata senti moja! Ilisema tu fedha zikipatikana zitajengaje. Fedha zilitoka kwa wapigakura, na wa Long Beach waliidhinisha hatifungani ya kujenga upya mwaka uleule wa 1933, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, watu wakiwa hawana kazi. Ninaamini walikubali kwa sababu walijua jengo lijalo litasimamiwa na nani.

Njia ya fedha yenyewe haikuwa laini. Tangu katiba ya mwaka 1879, deni la serikali za mitaa la California lilihitaji theluthi mbili ya kura. Mwaka 1978 wapigakura waliochoshwa na kodi walipitisha Pendekezo la 13, lililoifunga kodi ya majengo kwenye asilimia 1 ya thamani na kuzuia thamani hiyo kupanda zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka. Nguvu ya wilaya za shule kukopa kwa kodi mpya ilikatika hadi 1986. Walioumia ni watoto. Los Angeles ilikaa miongo kadhaa bila kufungua sekondari mpya kamili. Shule zilizofurika zikagawa wanafunzi kwa makundi yanayopishana mwaka mzima, na katika kalenda mojawapo mtoto alipata siku 163 za masomo badala ya 180. Novemba 1996 hatifungani ya dola bilioni 2.4 ilikosa theluthi mbili kwa kiasi kidogo. Aprili 1997 ikarudishwa, ikapita.

Mwaka 2000 likaja Pendekezo la 39. Lilishusha kizingiti hadi asilimia 55, na badala yake likaweka masharti ambayo ningependa yabandikwe ukutani kwenye kila ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri. Orodha ya miradi itangazwe kabla ya kura. Hakuna shilingi ya hatifungani itakayolipa mishahara ya walimu au watawala. Kila mwaka ufanyike ukaguzi wa hesabu na ukaguzi wa utendaji. Iundwe kamati ya wananchi ya kusimamia matumizi, yenye watu wasiopungua saba, wakiwemo mfanyabiashara, mwakilishi wa wazee, mwanachama wa chama cha walipakodi na wazazi. Mtumishi wa wilaya hiyo haruhusiwi kuwa mjumbe, wala mzabuni wala mkandarasi wake.

Sasa maandalizi yenyewe. Wilaya makini haianzi na kiasi cha fedha, inaanza na majengo. Wahandisi hupita shule kwa shule wakiandika hali ya paa, nyaya za umeme, mabomba, vyoo. Sambamba na hilo watu wa takwimu hukadiria idadi ya wanafunzi wa miaka ijayo kwa kuangalia vizazi na nyumba zinazojengwa, kwa maana mtaa mmoja unajaa wakati mwingine unapungukiwa. Kutoka hapo unapatikana mpango mkuu wa majengo, ambao kwa kawaida gharama yake huzidi uwezo, na bodi inalazimika kuchagua. Uwezo nao una mpaka: kwa wilaya yenye shule za ngazi zote, deni lisizidi asilimia 2.5 ya thamani ya mali zinazotozwa kodi. Kisha theluthi mbili ya wajumbe wa bodi wapitishe azimio, siku zisizopungua 88 kabla ya uchaguzi, na swali la kwenye karatasi ya kura lisizidi maneno 75. Ndani ya maneno hayo kiwemo kiasi kitakachokopwa na kodi itakavyokuwa. Mwaka 2024 Los Angeles ilikadiria karibu dola 25 kwa mwaka kwa kila dola 100,000 za thamani ya mali. Mtu ambaye hajasoma uchumi hata siku moja anaweza kupiga hesabu hiyo mezani kwake.

Mpango huu una dhuluma ndani yake, na ningekuwa sisemi kweli nikiificha. Asilimia 2.5 ya mtaa wa matajiri ni fedha nyingi, asilimia 2.5 ya mtaa wa vibarua ni kidogo, na paa linalovuja halijui tofauti. Hatifungani ya jimbo inajaribu kupunguza pengo hilo, haijalimaliza.

Yapo pia mabaya yaliyofanywa na watu wenye elimu zao. Mwaka 2011 wilaya ya Poway, karibu na San Diego, ilikopa dola milioni 105 kwa hatifungani ambayo haikulipa chochote kwa miaka 20 ya mwanzo, riba ikawa inalimbikizwa juu ya riba. Jumla ya kulipa ilikaribia dola bilioni moja. Wajumbe waliotia saini walijipa sifa ya kujenga bila kupandisha kodi, na mzigo wakamwekea mtoto aliyekuwa darasa la kwanza. Mwaka 2013 jimbo lilitunga sheria kwamba mkopo wa aina hiyo usizidi miaka 25, na jumla ya malipo isizidi mara nne ya kilichokopwa. Hata mara nne kwangu ni nyingi mno. Na Los Angeles kwenyewe, sekondari ya Belmont ilianza kujengwa juu ya eneo la visima vya zamani vya mafuta, gesi zenye hatari zikagundulika chini yake, na kazi ikasimamishwa ikiwa imeshakula mamia ya mamilioni ya dola. Ilifunguliwa 2008 kwa jina jingine. Angepewa nafasi mtu wa kuuliza mapema ardhi ile ilikuwa ya nini, fedha zile zingepona.

Turudi kwetu, nafasi imebaki ndogo. Tanga waliuza hatifungani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5, na wawekezaji walitoa zaidi ya kilichoombwa. Iliwezekana kwa sababu ankara ya maji hulipwa kila mwezi. Shule ya umma haina ankara, na haipaswi kuwa nayo, tangu elimumsingi bila ada ilipoanza 2016. Kodi ya majengo ingefaa, ila tangu 2021 inakatwa kupitia mita za umeme za LUKU na kukusanywa na Mamlaka ya Mapato. Halmashauri haiwezi kumwahidi mwekezaji mapato ambayo si yake kuyapanga. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya 1982 inaruhusu kukopa kwa idhini ya waziri, lakini idhini bila chanzo cha kulipia haimshawishi mnunuzi yeyote.

Kwa hiyo jibu langu kwa wasomaji ni kwamba halmashauri zetu hazijafika hapo. Zinaweza, hata hivyo, kuanza leo na kile kisichohitaji mkopo. Mwaka 2021 tulijenga madarasa 15,000 kwa sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa UVIKO-19, kwa kasi ya kusifiwa. Wananchi wanaofyatua matofali na kuinua boma hadi linta wapo kila kata, na kamati za ujenzi zipo. Kinachokosekana ni daftari la hali ya kila jengo la shule, lililoandikwa na mhandisi na kusomeka na yeyote kwenye ofisi ya kata: paa la mwaka gani, nyufa wapi, matundu ya vyoo mangapi kwa wanafunzi wangapi. Kikikosekana pia kiapo cha saini nne kama kile cha 1933, tutaendelea kukabidhiwa madarasa kwa kukata utepe huku hakuna aliyeapa kwamba nondo zilizochorwa ndizo zilizofukiwa kwenye zege. Wabunge wanaweza kuliweka hilo kwenye sheria hata kabla hatujakopa shilingi ya kwanza.

Makala ijayo itahusu hatifungani za miundombinu za serikali kuu, na jinsi ya kusoma waraka wa toleo kabla ya kutoa fedha yako.