Nyanya Anaposahau: Picha za Ubongo Zinatufunza Nini?



Huenda nyumbani kwako yuko nyanya anayeuliza jambo lile lile mara kumi. Anatia chumvi kwenye chai. Anakwenda sokoni na kushindwa kurudi. Majirani wameanza kunong'ona: amerogwa, au yeye mwenyewe ni mchawi. Maneno hayo si ya mchezo. Huko Kilifi na Kisii wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi.

Mama, kusahau kwa namna hii ni ugonjwa wa ubongo. Ulio wa kawaida zaidi unaitwa Alzheimer, kwa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mwaka wa 1906. Yeye aliona madoa katika ubongo wa mgonjwa wake kwa hadubini, lakini baada ya mgonjwa huyo kufariki.

Je, ubongo wa mtu aliye hai unaweza kutazamwa?

Ndiyo. Njia moja ni MRI. Mzee hulala juu ya kitanda kinachoingia ndani ya mashine yenye sumaku kubwa. Hakatwi popote. Mashine hupiga kelele, naye hutakiwa kutulia. Picha huonyesha kama ubongo umenywea, hasa sehemu ndogo ya ndani inayotunza kumbukumbu mpya. Njia nyingine ni PET. Mtu hudungwa dawa yenye mnururisho kidogo, inayonata kwenye protini iitwayo amiloidi. Mahali protini hiyo ilipojaa huonekana kwenye picha.

Kwa nini watafiti washirikiane?

Fikiria kadi ya kliniki ya mtoto wako. Uzito wa siku moja hausemi mengi. Uzito wa miezi mingi, ukilinganishwa na ule wa watoto wengi, ndio unaoonyesha kama mtoto anakua vizuri. Picha za ubongo ni vivyo hivyo.

Mwaka wa 2004 watafiti wa Marekani na Kanada walianzisha mradi uitwao ADNI. Vituo zaidi ya 50 viliungana. Walijitolea watu kama 800 wa miaka 55 hadi 90: wazima, walioanza kusahau kidogo, na wagonjwa. Walipigwa picha tena na tena, na mashine zote zikapangwa kufanya kazi kwa namna moja. Matokeo hayakufungiwa kabatini. Watafiti wengine wanaweza kuyaomba kupitia intaneti bila malipo, na majina ya waliopimwa hayatolewi.

Kazi hii na nyingine kama hiyo zimetufunza kwamba amiloidi huanza kujaa miaka 10 hadi 20 kabla ya mtu kuanza kusahau. Mwaka wa 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya lecanemab, inayopunguza amiloidi. Haiponyeshi, hupunguza kidogo tu mwendo wa ugonjwa. Nayo yaweza kuleta uvimbe au damu ubongoni, kwa hiyo anayeitumia hupigwa MRI mara kwa mara.

Lakini wengi waliojitolea katika ADNI walikuwa wazungu. Kadi iliyochorwa kwa watoto wa wengine huenda isimfae wako. Ndiyo sababu utafiti unahitajika Afrika pia. Watafiti wakikujia, uliza maswali yako yote. Mzee wako ana haki ya kukubali au kukataa.

Wewe ufanye nini?

• Mpeleke mzee hospitalini mapema. Si kila anayesahau ana Alzheimer. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, au huzuni nyingi huweza kuleta kusahau, na hutibika.
• Mweleze daktari kama mzee alianguka. Damu iliyovuja na kukandamiza ubongo huonekana kwenye picha na yaweza kuondolewa.
• Usikimbilie kulipia picha ghali kabla daktari hajamwona.
• Hakikisha anapimwa shinikizo la damu na sukari.
• Waeleze majirani kwamba ni mgonjwa.

Kumbuka, mama: nyanya hakuchagua kusahau. Ulinzi wake wa kwanza ni wewe. Kwaheri, hadi mazungumzo yajayo.