NILIMUAHIDI ZANZIBAR, NIKAMPELEKA KISARAWE!

Msomaji wangu, hivi umeshawahi kutoa ahadi nzito mbele ya mtoto wa kike huku mfukoni umechacha? Basi mwenzako yalinikuta.

Nilimuahidi mchumba wangu kwamba kabla hajaondoka kwenda chuo Mbeya, nitampeleka Zanzibar tukatembee Mji Mkongwe na kula urojo Forodhani. Ilipobaki wiki moja nikahesabu mshiko wangu wote: shilingi 30,000. Nauli ya boti tu ilishanishinda, achilia mbali huo urojo.

"Usijisumbue, twende popote," akaniambia. Ukisikia hivyo kaka, ujue hadhi imeanza kushuka.

Jumamosi asubuhi tukapanda gari pale Maili Moja, Kibaha. Tukabadili magari hadi Gongo la Mboto, kisha tukadandia la Kisarawe.

GETI LA PUGU

Tukashuka kwanza Pugu Sekondari, zamani ikiitwa Chuo cha Mtakatifu Francis. Hapa ndipo Mwalimu Nyerere alipofundisha kuanzia 1953, baada ya kurudi kutoka masomoni Edinburgh. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954 yeye akiwa bado mwalimu hapa. Machi 1955 akaenda Umoja wa Mataifa, New York, kuitetea Tanganyika, na mwaka huo huo akaiaga chaki. Rais Mkapa naye alipita shule hii akiwa mwanafunzi.

Mwenzangu alitaka kusimama, mimi nilitaka kupita haraka. Sababu ninayo. Nikiwa kidato cha nne niliiandika Pugu kwenye fomu ya machaguo. Matokeo yalipotoka, Pugu ikabaki kuwa jina la kituo cha daladala. Yeye akaendelea na kidato cha tano na sita, mimi nikaingia mtaani na kalamu yangu hii.

"Ndiyo hapa ulipopataka?" akauliza.

Nikatikisa kichwa kukubali. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

MAPANGO YA POPO

Ukishaipita Pugu, vilima vinaanza na hewa inabadilika kabisa. Huu ni msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, mabaki ya misitu ya asili ya Pwani, ambao mwaka 2020 ulipandishwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Watoto wa mjini tunakesha tukiota mbuga za mbali, kumbe msitu uko mwendo wa daladala!

Eneo hilo lina mapango yaliyochimbwa na watu wakitafuta kaolini, ule udongo mweupe unaotumika kutengenezea vyombo vya kauri, rangi na karatasi. Wachimbaji walipoondoka, popo wakahamia. Jioni hutoka kwa makundi kama moshi.

Mimi bishoo nikajitia kutangulia. Hatua kumi tu, kitu kikanipitia sikioni, nikapiga ukelele nikarudi mbio. Mchumba ndiye aliyebaki ndani na tochi, akicheka mpaka machozi.

BADA NA KISAMVU

Kisarawe mjini njaa ilikuwa imeshatushika. Tukaingia kwa mama mmoja muuza chakula.

"Shikamoo mama, kuna nini leo?"

"Marahaba wanangu. Bada ipo, kisamvu cha nazi kipo, na samaki wa kukaanga."

Kama hujui bada, uliza Wazaramo, ndio wenye mji huu. Ni ugali wa unga wa muhogo, unavutika, na ukikutana na kisamvu kilichokolea tui huongei na mtu. Mchumba alinawa akaongeza tonge, akasahau kabisa habari za Forodhani.

Sahani zilipoisha akaniuliza: "Mbona toka Pugu umenyong'onyea?"

Nikaona nisizuge tena. Nikamwambia naogopa. Atakaa chuoni miaka mitatu na wasomi wenzake, halafu arudi kwa mtu wa kidato cha nne?

Akanawa mikono taratibu. "Nilipokuwa kidato cha tano na sita nilipotea? Mimi sikuulizi cheti chako. Nakuuliza kwa nini mtihani uliukimbia kama ulivyowakimbia wale popo."

Msomaji, samaki alinikwama kooni!

Nikalipa, ikabaki nauli na chenji ya maji. Njiani tukapita tena mbele ya geti la Pugu, safari hii mimi ndiye niliyegeuza shingo kulitazama.

Jumatatu nikaenda kuulizia utaratibu wa mtahiniwa wa kujitegemea. Sasa hivi jioni nashika Hisabati, somo lililonizika, na yeye kule Mbeya kila Jumapili ananipigia kunihoji kama mwalimu wa zamu.

Kwa hiyo kijana mwenzangu, usijifungie ndani kwa sababu huna nauli ya boti. Panda gari la Kisarawe ukale bada. Ila deni la Zanzibar bado ninalo, kanikumbusha jana!