Kazi na Karatasi (3): Kibarua Kilikuja Jioni
Picha za foleni ya usaili wiki hii, kila kijana na bahasha yake ya kaki kwapani, zimenirudisha Juni 2014, pale waombaji zaidi ya 10,000 walipofurika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kugombea nafasi 70 za Uhamiaji. Niliahidi kuwa leo tutazungumzia usaili. Tutafika, lakini bahasha zile zinanidai kwanza neno moja: kibarua.

Tulishaona jinsi watumwa wa Unguja walivyokodishwa kwa kutwa, ujira wakagawana na bwana. Kibarua ni barua ndogo tu. Mchukuzi alipewa kwa kazi ya siku, akairudisha alipolipwa, hata jina la karatasi likamhamia mwenye kuishika. Sizisifu zama zile, dhuluma ilijaa. Ila gunia lilibebwa kwanza, na karatasi ilishuhudia jasho lililokwisha kumwagika.

Kipande, hati ya kazi ya enzi za ukoloni, kiligeuza mambo. Sheria ya Kenya ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kutembea nacho, alama za vidole na habari za waajiri wake zikiwa ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inia shingoni. Bwana asipotia saini ya kumwachia, hapakuwa na mwingine wa kumwajiri kihalali. Mwanaharakati Harry Thuku alikipinga. Alipokamatwa Machi 1922, umati uliodai aachiwe mbele ya kituo cha polisi Nairobi ulimiminiwa risasi. Riziki ya mtu ilikuwa imefungwa kwenye kalamu ya mtu mwingine.

Ndiyo maana tangazo linalomtaka mhitimu wa mwaka jana awe na uzoefu wa miaka mitatu linaniudhi: nalo linadai karatasi kabla ya jasho. Waajiri, mpeni seremala randa na ubao; mpeni mhasibu daftari lenye makosa. Kabla ya adhuhuri mtakuwa mmemjua.

Nawe kijana, nafasi imenibana. Kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, Tanzania, hati ya matokeo haisimami badala ya cheti, na barua ya maombi isiyo na saini ni kazi bure. Ndani yake taja ulichofanya, hata kama ni dukani kwa mjomba: miezi mingapi, ulihesabu mali mara ngapi, upotevu ulipungua vipi. Aliyekuona ukifanya, mwombe akuandikie mistari minne na namba yake ya simu. Maswali ya ana kwa ana yatakuja sehemu ya nne.